Mpango Mwepesi

Katika nyumba ya fundi lifti, mwenye hesabu alikuwa mkewe. Hilo halikuwa siri, wala halikumtia mtu haya. Fundi mwenyewe, ambaye wenzake kazini walimwita Ghorofa kwa sababu alikuwa mfupi na maisha yake yote yalipita kwenye majengo marefu, aliweza kusimama mlangoni akaisikiliza lifti ikipanda, akakwambia breki ya upande gani imekwisha. Lakini mpe chenji ya sokoni, ataigeuzageuza kiganjani kisha akuulize wewe kama imetimia.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa karani wa stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi tangu usichana wake hadi alipostaafu. Bolti zikiingia alizijua, zikitoka alizijua, na aliyejaribu kutoka nazo mfukoni alikutana naye getini. Mshahara wa mumewe aliupokea yeye, akaupanga yeye, na ndiyo uliosomesha pacha wao, wa kike na wa kiume, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye kazi zao katika miji ya mbali.

"Wewe pandisha watu," alipenda kumwambia mumewe. "Pesa niachie mimi, nizizuie zisiteremke."

Basi siku moja kampuni ya lifti iliwakusanya mafundi wote kwenye ukumbi wa chakula. Meneja alisema ajira zinakwisha, ila kazi zipo palepale: kila fundi akasajili biashara yake, awe mkandarasi wa kujitegemea, naye atapewa majengo ya kuhudumia. Vipuri atanunua mwenyewe, aviweke kwenye ankara yake, kampuni itamlipa. "Kuanzia sasa nyinyi ndio mabosi," alisema, na wachache wakapiga makofi.

Msumeno, fundi mwenzake Ghorofa ambaye walikuwa wameanza kazi pamoja, alimsogelea sikioni. "Nimefukuzwa mara nyingi maishani," alisema, "lakini kupandishwa cheo na kufukuzwa kwa pamoja, hii ni mara ya kwanza."

Kujitegemea kulikuwa na karatasi zake. Mkandarasi lazima ajisajili kwa ajili ya kodi ya mauzo, na Ghorofa alikwenda ofisi ya kodi na mkewe, kama watu wanavyokwenda kwa daktari na msindikizaji. Dirisha la mwisho alikuwako afisa kijana, msichana mwenye miwani mikubwa, mpole wa sauti. Aliwaeleza kwamba kuna mipango miwili, wachague mmoja.

"Kwa yote miwili," alisema, "mteja anawalipa bei yenu na kodi juu yake. Kwenye mpango wa kawaida, katika ile kodi mliyopokea mnatoa kodi mliyolipa dukani mliponunua vipuri, kinachobaki ndicho cha serikali. Mkiwa mmenunua vingi, huenda serikali ikawarudishia. Ila kila risiti itunzwe na iandikwe. Kwenye mpango mwepesi hakuna habari ya risiti. Mnajumlisha ankara zenu, mnalipa asilimia iliyopangwa kwa kazi za aina yenu, mnalala usingizi. Kodi ya dukani ndiyo imekwenda hiyo, hairudi."

"Mwepesi kwa nani, binti yangu?" aliuliza Mama Pacha.

Afisa alicheka. "Kwa mtu asiyenunua vitu, mama. Kinyozi. Mwalimu wa tuisheni."

"Huyu ananunua nyaya za chuma na breki. Nyaya zile bei yake ni kama unanunua gari." Akamgeukia mumewe, lakini si kwa kumwomba rai. "Tuandikie mpango wa kawaida. Risiti nitatunza mimi, na karatasi zote nitaandaa mimi. Weka jina langu humo kwenye faili, ukiwa na swali unipigie mimi, huyu usimsumbue."

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Jioni Ghorofa alirudi, akatoa risiti kwenye mfuko wa shati, zimekunjamana na kulowa jasho, na mkewe akazinyoosha mezani kwa kiganja kama mtu anayenyoosha kola. Alizipanga kwa tarehe, akazibana kwa pini, akaandika. Marejesho yalipoingia, alimnunulia mumewe viatu vya kazi vyenye chuma mbele, akampigia simu binti yao kumwambia kwamba baba yake sasa ameanza kuikopesha serikali. Walicheka sana siku ile.

Mambo yalianza kwenda mrama polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema yalianza lini. Risiti ya roda, gurudumu la kupitishia nyaya, ilikutwa ndani ya foronya. Sufuria ilisahauliwa jikoni hadi ikaungua kabisa, Mama Pacha akailaumu gesi. Kisha asubuhi moja alimuuliza mumewe kama amewalipia pacha ada ya mtihani. Ghorofa alidhani ni mzaha, akajibu kwa mzaha, mkewe akakasirika kwelikweli. Baadaye alikumbuka, akajifungia chooni kwa muda mrefu, na alipotoka hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Ghorofa alimpeleka hospitali kwa hila. Alimwambia wanakwenda kupima presha. Daktari alimuuliza Mama Pacha maswali mepesi, akamchoresha saa kwenye karatasi, kisha akamtuma kwa muuguzi apimwe uzito. Wakiwa wawili tu, alimweleza mume kwamba huo ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hauponi.

"Kuna dawa," alisema. "Haiondoi ugonjwa, inaupunguza mwendo. Si ya bei rahisi na isikatishwe katikati. Na usimnyang'anye shughuli zake. Kinachomshughulisha akili, mwachie."

Ghorofa aliyashika yote mawili. Dawa alinunua, akamwambia mkewe ni vidonge vya presha. Na shughuli yake, ambayo ilikuwa ni zile risiti, alimwachia.

Kisha akaitwa ofisi ya kodi. Simu ya mkewe ililia mwenyewe amelala mchana, Ghorofa akaipokea yeye, akaenda peke yake. Afisa mwenye miwani alimpangia karatasi mbele yake. Risiti moja ya nyaya ilikuwa imedaiwa katika ritani, yaani taarifa za kodi, tatu tofauti. Ritani nyingine ilionyesha kwamba kwa miezi kadhaa hakufanya kazi yoyote, ilhali ankara zake za miezi hiyo zilikuwa zimejaa kule kampuni.

"Mzee, bado mama ndiye anaandaa?" aliuliza.

Hapo ndipo angeweza kusema. Msichana hakuwa mkali, alikuwa anauliza tu. Lakini Ghorofa akilini alimwona mkewe akisimama pale dirishani, akisema weka jina langu kwenye faili.

"Hapana. Hizi niliandaa mimi. Mama alisafiri."

"Basi mzee, hesabu ungemwachia mama hadi arudi." Hakusema kwa dharau. "Nitakuandikia faini ndogo iwezekanavyo. Ila ikijirudia watasema unaibia serikali, na hapo si mimi tena nitakayeongea nawe."

Alifikiria siku nyingi. Msumeno, alipoelezwa wakiwa wamekaa kwenye chumba cha mashine juu ya jengo la ofisi, hakuona ugumu wowote.

"Tafuta mhasibu."

"Mhasibu atataka risiti. Risiti ziko mikononi mwake."

"Si umwambie shemeji."

"Mpwa wake alisomea uhasibu. Mwaka jana alijitolea kumsaidia, bure. Unajua alimwambiaje? Siku nikishindwa kujumlisha, njoo na sanda. Mtoto wa watu hajarudi tena pale nyumbani."

Msumeno alifuta bisibisi kwa kitambaa. "Mimi nimo kwenye mpango mwepesi," alisema hatimaye. "Lakini mimi ni mikono mitupu, vipuri sinunui. Wewe ukiingia utakula hasara."

"Kule hawataki risiti?"

"Hawataki kitu. Jumla ya ankara, basi. Hata wewe unaweza."

Hilo ndilo lililomfanya aamue. Hakupiga hesabu ya kilichopotea, alipiga hesabu ya uso wa mkewe. Alirudi dirisha la mwisho, akaomba kuhamishiwa mpango mwepesi. Afisa alimuuliza kama ameelewa kwamba kodi yote ya vipuri itakuwa imekufa, na kwamba akishaingia hawezi kutoka hadi mwaka wa kodi uishe. Alisema ameelewa. Alisaini kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, akatoka nje akahisi kama ametua mzigo.

Nyumbani hakusema kitu. Aliendelea kuleta risiti, mkewe akaendelea kuzinyoosha. Meza ilikuwa ileile karibu na dirisha. Ghorofa alikaa upande wa pili na chai yake, akimtazama akihamisha risiti kutoka fungu hili kwenda lile, kisha kuirudisha, midomo ikichezacheza. Siku zake nzuri alimaliza upesi akafurahi. Siku mbaya aliandika kitu kimoja mara nyingi, na alipomwona mumewe anaangalia, aliufunika ukurasa kwa mkono.

Akimaliza, alimkabidhi bahasha. "Peleka, na mwambie yule binti anisalimie mama yake."

Ghorofa aliondoka na bahasha ile kwenye pikapu, akaitumbukiza kwenye pipa la taka la jengo alilokuwa akihudumia siku hiyo. Mara ya kwanza aligeuka kutazama kama kuna aliyemwona. Baadaye hakugeuka, na hilo lilimtisha zaidi.

Ritani ya kweli aliandaa mwenyewe ndani ya pikapu, amefunga vioo, kikokotoo juu ya goti. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, kama Msumeno alivyosema. Lakini kila alipoilipa aliona jinsi inavyomla. Kampuni ilimtaka abadilishe nyaya za jengo zima. Alizinunua kwa bei iliyo na kodi ndani yake, akaziweka kwenye ankara, kisha asilimia ikakatwa juu ya ankara yote, nyaya na jasho lake pamoja. Kazi kubwa ndiyo iliyomwacha maskini zaidi. Akaanza kuzikwepa. Akawa anaomba kazi zisizo na vipuri, na hizo ndizo ambazo mafundi vijana walizikimbia: kufagia mashimo ya lifti, kuchota maji machafu yaliyotuama chini, kutoa panya waliokufa, kupaka grisi reli kutoka chini hadi juu ukiwa umening'inia. Magoti yalivimba. Jino lilipoanza kumuuma, hakwenda kuliziba, aliling'oa.

Na dawa. Mwanzo alinunua kila ilipokwisha. Kisha ukaja mwezi aliochelewa kulipwa, akaruka. Hakuona tofauti. Mwezi uliofuata akanunua, uliofuata hakununua. Mkewe hakuuliza, alidhani presha yake imeshuka. Ghorofa alijiambia kwamba mambo yakikaa sawa atarudi kununua bila kukosa. Alijifariji hivyo, siku zikapita.

"Marejesho yetu yako wapi?" Mama Pacha alimuuliza asubuhi moja. Ilikuwa siku yake nzuri, macho makali kama ya getini enzi zile. "Nyaya za jengo zima zile. Wanatakiwa waturudishie hela ya maana."

"Wanachelewesha. Unaijua serikali."

"Kuchelewa gani huko? Ulimpa nani karatasi?"

"Yule binti."

"Ukimwona, mwambie nitakuja mwenyewe."

Ghorofa alicheka, akamuaga na kwenda kazini, maana alidhani ni maneno tu.

Mama Pacha alioga, akavaa gauni lake la kwendea watu, akachukua mkoba akatia ndani risiti zote ambazo mumewe alikuwa hajazichukua. Jirani yao, fundi cherehani, alimwona akipita akamsalimia. Alimjibu vizuri, hata akamtania kuhusu mashine yake inayopiga kelele kama mume mlevi. Alifika ofisi ya kodi bila kupotea. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika alimwaga risiti kaunta, akaanza kueleza.

Afisa alimkumbuka, akafurahi kumwona. Alifungua faili. Hakujua lolote la ugonjwa wala la siri.

"Mama, mbona mzee alishahamia mpango mwepesi tangu mwaka jana? Hizi risiti hazina kazi. Hatuzipokei."

"Nani alihama?"

"Mzee. Tangu pale risiti ilipodaiwa mara tatu. Alikuja akasema bora ahame." Akamgeuzia kioo cha kompyuta aone. "Hii hapa saini yake."

Mtu mmoja kwenye foleni alisema mama asogee kama amemaliza. Mama Pacha aliitazama saini ile. Kisha aligeuka akatoka, mkoba na risiti akaviacha palepale kaunta.

Ghorofa alikuwa chini ya shimo la lifti, simu ameiacha juu. Alipopanda, amelowa hadi kiunoni, alikuta amepigiwa mara nyingi na namba asiyoijua. Alipoipiga, ilikuwa sauti ya yule msichana.

"Mzee, mama yuko nyumbani? Ametoka hapa bila mkoba. Nimemfuata nje sikumwona. Mzee, sikujua. Naapa sikujua."

Alimpigia fundi cherehani, akaambiwa mkewe hajarudi. Alizunguka na pikapu barabara zote kati ya ofisi na nyumbani, roho mkononi, akisimama kila alipoona gauni la rangi ile. Aliuliza hospitali, aliuliza polisi, ambao walimwambia asubiri. Jua lilikuwa limelala alipokumbuka ghala. Halikuwa ghala tena. Walikuwa wameligeuza duka la samani. Alimkuta ndani, kwenye kona ambako zamani palikuwa na dirisha la kutolea mizigo, amesimama wima, anahesabu viti.

"Huyu mama ni wako, mzee?" muuzaji aliuliza, nusu kwa kuchoka nusu kwa huruma. "Tangu mchana. Nikimsogelea ananidai hati ya kutoa mzigo. Sikutaka kumfukuza, ni kama mama yangu."

Ghorofa alisogea. Alikuwa ananuka maji ya shimoni.

"Mama Pacha. Twende nyumbani."

Mkewe alimtazama kutoka chini hadi juu. "Nimeambiwa risiti zangu hazina kazi," alisema, na ilikuwa sauti yake kamili, haikuwa na ukungu wowote.

Nyumbani alimwekea maji ya kuoga, akamletea chai, akajaribu kuwasha redio. Mkewe aliizima.

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

Angeweza kutunga kitu. Aliutafuta uongo akaona hana.

"Nilizitupa."

"Wapi?"

"Kwenye mapipa. Ya majengo."

"Zote?"

"Zote."

"Nilikuwa nazipanga kwa tarehe," alisema. "Nilikuwa nazibana kwa pini."

"Najua."

"Hujui. Unakaa hapo na chai yako unaniangalia nikipanga takataka. Unanipigia makofi moyoni kama mtoto anayejifunza kusimama." Alikuwa halii. "Ningekosea, ungeniambia umekosea. Tumeishi hivyo. Mimi nimekwambia umekosea mara ngapi?"

"Daktari alisema usinyang'anywe shughuli..."

"Daktari gani?"

Ghorofa aliona amekanyaga pasipo na sakafu.

"Daktari gani, Baba Pacha? Yule wa presha?"

"Haikuwa presha."

Alimweleza. Alimweleza vibaya, maneno yakitangulia na mengine yakifuata nyuma, jina la ugonjwa, saa aliyoichora, dawa. Mama Pacha alisikiliza, mikono imelala mapajani.

"Kwa hiyo wewe unajua, daktari anajua, Msumeno bila shaka anajua," alisema. "Wote mnajua isipokuwa mwenye kichwa."

Asubuhi aliomba ankara zote za tangu alipohama, na bei za vipuri alivyonunua kwa kadiri anavyozikumbuka. Ghorofa alimpa, hakuwa na uso wa kukataa. Mkewe alikaa mezani kutwa nzima. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Alisahau alipofikia, akarudi mwanzo. Hakuruhusu msaada, hata kikokotoo alikisukuma pembeni. Alasiri alipata jawabu, akalihakiki, akalizungushia duara.

"Hiki ndicho mpango wako mwepesi umetula," alisema. "Nimetoa faini ambazo makosa yangu yangekuletea, ili nisikuonee. Bado ni hiki." Kisha akainua chupa ya vidonge, tupu, aliyokuwa ameiweka karibu. "Na hii ya presha, kwa nini huwa inakwisha halafu inakaa muda bila kujazwa?"

Ghorofa alijaribu kujibu. Alisema hali ilikuwa ngumu, alisema kampuni ilichelewesha, alisema alikuwa na nia ya kurudi kuinunua bila kukosa. Mkewe aliweka kidole juu ya ile namba yenye duara na akakiacha pale. Mumewe, ambaye hakuwahi kuelewa hesabu kwa haraka, aliielewa hiyo: kilichopotea kingeijaza chupa ile.

Alikwenda ofisi ya kodi siku hiyohiyo kuomba kurudi mpango wa kawaida. Afisa alimpa mkoba wa mkewe, risiti zimepangwa ndani vizuri, akamwambia kwa masikitiko kwamba mwaka mpya wa kodi umeshaanza, na kisheria lazima uishe. Ghorofa aliuza pikapu. Kwa fedha ile alinunua dawa ya miezi mingi, akawa anabeba vifaa begani. Daktari alipomwona tena mgonjwa hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa hii.

Mama Pacha hakugusa risiti tena. Hakumnunia mumewe kama watu wanavyonuna. Aliongea naye mambo ya chumvi, ya mvua, ya paka wa jirani. Ila kile kitu cha zamani, cha kumkatiza sentensi katikati na kumsahihisha, hakikuonekana tena. Kadiri miezi ilivyokwenda Ghorofa alishindwa kujua kama ni hasira au ni ugonjwa. Alitamani iwe hasira.

Mwaka wa kodi ulipokwisha alirudi mpango wa kawaida, na yule mpwa mhasibu alikubali kumwandalia hesabu. Wakati huo Mama Pacha alikuwa akimwita mpwa wake kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Binti yao alimchukua akakae naye. Baada ya muda mfupi alimrudisha akilia, kwa sababu mama alisimama mlangoni kutwa akiomba afunguliwe arudi kwake. Mtoto wa kiume alituma pesa na maneno ya pole. Fundi cherehani alikaa naye mchana, cherehani yake ameihamishia sebuleni, hadi siku Mama Pacha alipowasha jiko akaondoka zake. Hapo Ghorofa aliona kwamba hakuna namna. Mtu mmoja hawezi kuwa juu ya jengo na kando ya mkewe kwa wakati mmoja.

Alikwenda dirisha la mwisho kufunga usajili. Afisa alikuwa na tumbo la ujauzito sasa, anaketi kwa shida.

"Nikuandikie sababu gani ya kufunga, mzee? Kustaafu? Hasara? Kuhama?"

"Mke wangu ni mgonjwa," alisema Ghorofa. "Ni mgonjwa wa kusahau. Aliugua tangu zile ritani zenye makosa, na hazikuandaliwa na mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya dirisha la mtu. Afisa aliacha kuandika. Aligonga muhuri taratibu, akamwambia amsalimie mama.

Alirudi kwa miguu. Fundi cherehani alimpokea mlangoni kwa kunong'ona kwamba leo amekataa chakula, amekitema. Ghorofa alimshukuru, akachukua bakuli, akavuta kiti karibu na dirisha. Mkewe alikuwa akitazama nje. Alimsogezea kijiko. Mama Pacha alikitazama kijiko, kisha akautazama mkono uliokishika, kucha zake nyeusi za grisi iliyokataa kutoka miaka nenda rudi.

"Nenda kanawe," alisema.

Alikwenda akanawa, akasugua kwa brashi mpaka vidole vikawasha, akarudi. Mkewe alivikagua vidole kimoja kimoja bila haraka. Havikuwa vimetakata, lakini alifungua mdomo, akala.